Kabla Mbwa Hajaanza Kituo cha Kutwa: Hesabu ya Siku za Chanjo

Kadi nyingi za chanjo zinazoletwa kwenye lango la kituo chetu cha kutunza mbwa mchana zimejaa mihuri, saini na vibandiko vya rangi, na bado mbwa hurudishwa nyumbani. Mwenye mbwa hukasirika, na tunamwelewa: amelipia sindano tatu au nne, na aliyemchoma mbwa wake alimwambia kazi imekwisha. Hakuambiwa kwamba kadi ya chanjo husomwa kwa tarehe. Muhuri unasema sindano ilichomwa. Tarehe ndizo zinazosema kama ilichomwa wakati mwili wa mbwa uko tayari kuipokea, na kama zimepita siku za kutosha kabla ya kumwingiza katika uwanja wenye mbwa ishirini.

Hapa Nairobi desturi ya zamani ilikuwa mbwa afungiwe bandani mchana na kufunguliwa usiku alinde boma. Mbwa wa namna hiyo hukutana na wenzake mara chache. Mbwa wa kutwa, anayeletwa asubuhi mwenyewe akielekea kazini na kuchukuliwa jioni, hunywa karai moja na wenzake, hunusa kinyesi chao, hugombania mpira uliolowa mate. Ugonjwa ambao mtaani ungechukua miezi kutoka geti hadi geti, uwanjani huchukua alasiri moja. Kwa hiyo kadi iliyomtosha mbwa wa boma huenda isimtoshe mbwa wa kutwa, na daktari anayejua tu kwamba mbwa analinda nyumba hatachoma chanjo ambazo angechoma kama angejua mbwa anaenda kuchanganyika na wenzake. Mwambie daktari mapema mbwa anakwenda wapi.

Tuanze na herufi, kwa sababu kadi huandikwa kwa mkato. D ni distempa. H ni homa ya ini ya mbwa, ambayo kadi nyingine huiandika A kwa sababu ya jina la virusi vyake, adeno. P ni parvo. Pi ni parainfluenza, mojawapo ya vyanzo vya kikohozi. Hizi nne huja pamoja katika kichupa kimoja, unga mkavu ulioshikamana chini ya chupa, ambao huyeyushwa kwa maji yake maalumu, na kibandiko chake husomeka DHPPi. L ni leptospira, au lepto kwa mkato. Tarakimu inayoifuata, L2 au L4, ni idadi ya aina za bakteria zilizomo. R ni kichaa cha mbwa. KC ni kikohozi cha mabanda. Mbwa wa kutwa anazihitaji zote, na kila moja ina hesabu yake ya siku.

Parvo ndiyo inayotunyima usingizi. Ugonjwa huu ulijitokeza mwaka 1978 na kuenea duniani kote kwa muda mfupi sana. Mbwa aliyeambukizwa huanza kumwaga virusi kwenye kinyesi siku tatu au nne baada ya kuvipata, mara nyingi kabla hajaonyesha dalili yoyote, na huendelea kuvimwaga kwa wiki mbili hivi. Anapoanza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali, amekwisha kuuchafua uwanja. Virusi vyenyewe hukaa kwenye udongo na nyufa za sakafu kwa miezi, hata mwaka na zaidi, mahali penye kivuli na unyevu. Rottweiler na Doberman huugua vibaya zaidi, na German Shepherd, aliyejaa nyumba za Nairobi, naye hutajwa miongoni mwa walio hatarini.

Distempa huenda polepole lakini haina huruma: macho na pua zenye usaha, kikohozi, kuharisha, nyayo kukakamaa, kisha mitetemo ya misuli na kifafa. Mwaka 1994 virusi hivi viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Katika miaka iliyofuata mbwa wa vijiji hivyo walianza kuchanjwa. Homa ya ini siku hizi ni adimu kwa mbwa waliochanjwa, basi tusikae nayo.

Sasa hesabu yenyewe. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa hana kinga ya maana. Huipata kwa kunyonya dang'a katika siku yake ya kwanza. Kinga hiyo ya mama humlinda, lakini pia huishambulia chanjo na kuiua kabla mwili wa mtoto haujaitambua. Hupungua kwa nusu kila baada ya siku kumi hivi, na kwa kuwa kila mama huwapa wanawe kiasi tofauti, na hata ndugu wa tumbo moja hawanyonyi sawa, hakuna ajuaye kwa kumtazama tu ni wiki gani kinga hiyo itakuwa imeisha. Kwa mwingine huisha akiwa na wiki nane, kwa mwingine wiki kumi na nne au kumi na tano. Katikati yake kuna siku mbaya kuliko zote: kinga ya mama imeshuka kiasi cha kutoweza kumlinda na parvo ya uwanjani, lakini bado ina nguvu ya kuiua chanjo. Siku hizo haziepukiki. Tunachoweza ni kuchoma mara kwa mara ili sindano mojawapo imkute mtoto kinga ya mama ikiwa imekwisha.

Kutokana na hayo, idadi ya sindano haituambii kitu. Tunauliza swali moja: mbwa alikuwa na umri gani siku ya sindano ya mwisho ya DHPPi? Ikiwa alikuwa na wiki 16 au zaidi, tunaendelea kusoma. Ikiwa sindano ya mwisho ilichomwa wiki ya 12, hata kama ilikuwa ya tatu, tunaomba arudiwe. Ratiba ya wiki 6, 9 na 12 bado imechapishwa kwenye kadi nyingi mno, na watoto wa mbwa wanaougua parvo wakiwa na kadi kamili mara nyingi walisimamishiwa hapo. Miongozo ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, inasema kuanza wiki ya 6 hadi 8, kurudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kutoacha mpaka wiki ya 16 ipite. Inapendekeza pia dozi nyingine kuanzia wiki ya 26, badala ya kungoja mwaka utimie, ili kuwanasa wale wachache ambao kinga ya mama iliwakaa sana. Baada ya hapo D, H na P huchomwa kila baada ya miaka mitatu. Madaktari wengi hapa bado huandika kila mwaka. Haidhuru, lakini mbwa mzima ambaye DHPPi yake ina miezi 20 hatumrudishi kwa sababu hiyo peke yake.

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa tarehe 5 Januari. Sindano ya kwanza wiki ya 7, 23 Februari. Ya pili wiki ya 10, 16 Machi. Ya tatu wiki ya 13, 6 Aprili, na siku hiyohiyo huchomwa kichaa cha mbwa na dozi ya kwanza ya lepto. Ya nne wiki ya 16, 27 Aprili, pamoja na dozi ya pili ya lepto na tone la kikohozi cha mabanda puani. Tunahesabu siku 14 za mwili kujenga kinga, na mtoto huyu anaingia kituoni tarehe 11 Mei. Kichaa cha mbwa kitakuwa na siku 35. Mwenye mbwa aliyepanga kurudi kazini mwanzoni mwa Aprili, akidhani wiki 12 zinatosha, atahitaji mtu wa kukaa na mtoto huyo nyumbani kwa zaidi ya mwezi. Ni bora ajue siku anapomnunua kuliko kuja kujua langoni.

Na anayemnunua kwa mfugaji akiwa na wiki nane, akaambiwa "chanjo zote amepata", aelewe kwamba maneno hayo hayawezi kuwa kweli kwa umri huo. Anaweza kuwa amepata ya kwanza, basi. Aombe kadi yenyewe yenye tarehe ya kuzaliwa. Bila tarehe ya kuzaliwa hesabu nzima haina pa kuanzia, na daktari atalazimika kukadiria umri kwa meno.

Kuna pingamizi moja ambalo tunaliheshimu. Wakufunzi wa mbwa husema, na ni kweli, kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kuzoea watu, mbwa wengine na kelele kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Ukimfungia mpaka wiki ya 18, utapata mbwa mwenye kinga kamili na woga wa kila kitu. Kule Marekani madaktari wa tabia za wanyama huruhusu mtoto aanze darasa la watoto wenzake akiwa na wiki saba au nane, ilimradi siku saba zimepita tangu chanjo ya kwanza na amepewa dawa ya minyoo. Sisi tunaona darasa la saa moja, kwenye sakafu iliyosafishwa, na watoto sita wa umri mmoja ambao kadi zao zimesomwa, ni jambo jema. Siku nzima katika uwanja wa mbwa wazima wanaoingia na kutoka ni jambo jingine. Kwa wiki hizo za kungoja, mbebe mtoto mkononi: mpeleke sokoni, stendi ya matatu, nje ya shule watoto wanapotoka. Mkutanishe na mbwa wazima wa jamaa zako ambao unajua wamechanjwa, kwenye nyua zao. Usimshushe chini kando ya barabara wanakopita mbwa wa kurandaranda, wala kwenye lango la kliniki. Mbwa wagonjwa wa mji mzima hupita hapo.

Mbwa mzima asiye na kadi, labda aliyeokotwa au kurithiwa kwa jirani aliyehama, ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kinga ya mama haipo tena, kwa hiyo dozi moja ya DHPPi kwa kawaida humtosha, ingawa maelekezo ya watengenezaji wengi hutaka mbili. Kichaa cha mbwa dozi moja. Kinachomchelewesha ni lepto, ambayo lazima ichomwe mara mbili, wiki mbili hadi nne kati ya dozi na dozi. Ukijumlisha na siku 14, ni mwezi mmoja au mwezi na nusu tangu siku ya kwanza kliniki.

Kichaa cha mbwa tunakiweka peke yake kwa sababu hapa anayelindwa ni mtu. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na mkakati wa kitaifa wa 2014 hadi 2030 unaolenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Chanjo huchomwa kuanzia wiki ya 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kadiri ya sheria na maelekezo ya chanjo iliyotumika. Kwa desturi yetu ni kila mwaka, na tarehe hii hatuilegezi hata kwa siku moja. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza maishani, Ulaya huhesabu siku 21 kabla ya kumtambua kuwa amekingwa, Marekani 28. Sisi tunatumia 28.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza linahusu kampeni za bure, hasa zile zinazofanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Kampeni hizo ni muhimu mno na tunawahimiza majirani wote wapeleke mbwa wao. Lakini kinachochomwa pale ni R pekee. Mwenye mbwa huja na cheti hicho akiamini mbwa wake amechanjwa, kumbe hana P wala D. La pili: katika kampeni huchanjwa hata watoto wa mbwa wa wiki chache, na ndivyo inavyofaa kwa lengo la kumfikia kila mbwa, ila kwa mtoto huyo mmoja dozi iliyochomwa kabla ya wiki ya 12 lazima irudiwe baadaye. Kadi haitasema hivyo; ni wewe wa kuhesabu.

Hata mbwa wote wakiwa na kadi safi, mtu akiumwa kidonda huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, kisha anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyeuma hutengwa na kuangaliwa kwa siku 10. Nakala ya kadi yake ndiyo karatasi ya kwanza ambayo daktari wa binadamu ataiulizia, na hii ni sababu nyingine ya kutaka kadi halisi badala ya maelezo ya mdomo.

Leptospirosisi wengi hawaijui kwa jina hilo, lakini waliofuatilia habari za Lindi, Tanzania, mwaka 2022 wanaikumbuka kama homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa kwenye madimbwi na udongo wenye maji, na huingia mwilini kupitia mikwaruzo na utando wa mdomo na macho. Huharibu figo na ini la mbwa, na hupita kwa mtu anayesafisha mkojo wa mbwa mgonjwa. Mahali popote penye mapipa ya chakula cha mbwa pana panya. Kituo kinachodai hakina, mwenyewe hajaamka usiku kuangalia. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, ndio wa kuhakikisha dozi mbili zimekamilika. Kinga yake haizidi mwaka mmoja kwa uhakika, na hapa ndipo kadi za mbwa wazima huanguka mara nyingi zaidi: DHPPi ipo, R ipo, L ilichomwa mara moja miaka miwili iliyopita. Ikishapitiliza mwaka na miezi kadhaa, madaktari wengi huanza upya kwa dozi mbili. Chagua L4 inapopatikana, kwa kuwa ina aina nne za bakteria na L2 ina mbili tu.

Kikohozi cha mabanda husababishwa na vijidudu kadhaa vikishirikiana, mkubwa wao akiwa bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica. Mbwa mzima mwenye afya hukohoa kwa kelele kama ana mfupa kooni, kwa wiki moja hadi tatu, kisha hupona. Kwa mtoto au mbwa mzee huweza kuwa nimonia. Si kila kliniki huiweka chanjo yake, basi piga simu kabla ya kwenda. Ile ya puani hutolewa mara moja tu. Nobivac KC, kwa mfano, ni mililita 0.4 kwenye tundu moja la pua, nayo hukinga dhidi ya Bordetella baada ya saa 72 hivi, lakini kwa parainfluenza huchukua wiki tatu. Ya sindano huhitaji dozi mbili, wiki mbili hadi nne kati yake. Anayekumbuka KC siku tatu kabla ya kuanza kituo bado ana nafasi akitumia ya puani. Akitumia ya sindano amechelewa kwa mwezi.

Chanjo hii ya puani ina bakteria hai, na hilo lina mambo matatu yake. Mbwa akiwa kwenye dawa za antibiotiki, dawa huua bakteria wa chanjo na fedha yako imepotea. Baada ya kuipata, mbwa anaweza kupiga chafya na kukohoa kidogo kwa siku chache, akisambaza bakteria hao. Kwa hiyo mtu mwenye kinga dhaifu nyumbani, labda anayetibiwa saratani, akae mbali wakati wa kuitia na siku zinazofuata. Na jambo kubwa kuliko yote: chanjo ya puani isichomwe kamwe kwa sindano. Ikiingia chini ya ngozi huleta jipu baya, na imewahi kuharibu ini la mbwa mpaka kufa. Mwenye mbwa ana haki ya kuuliza, kabla ya bomba kumgusa mbwa wake, "Hii inaenda puani au chini ya ngozi?"

Wasomaji walio Marekani wataulizwa pia chanjo ya mafua ya mbwa. Huko zimewahi kuonekana aina mbili: H3N8, iliyotoka kwa farasi na kugunduliwa Florida mwaka 2004, na H3N2, iliyolipuka Chicago mwaka 2015. Ni dozi mbili, wiki mbili hadi nne kati yake, na vituo vingi havimpokei mbwa asiye nazo.

Tarehe zote zikiwa sawa, bado chanjo inaweza kuwa maji matupu. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Joto huua zile hai, yaani zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, hasa distempa. Baridi kali nayo huharibu: chanjo ya kichaa cha mbwa na lepto ikiganda kwenye sehemu ya barafu ya friji haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana vilevile. Stima ikikatika kwa muda wa saa sita na mlango wa friji ukawa unafunguliwa kila mara, aliye makini hutazama kipimajoto kabla ya kuchoma. Uliza kukiona, daktari mzuri hufurahia swali hilo. Tunachosikitika kukiona ni chupa iliyonunuliwa agroveti, ikasafiri mfukoni kwenye matatu kwa saa mbili, kisha ikachomwa nyumbani na kijana wa shamba. Kibandiko ni halisi, tarehe ni sahihi, na mbwa hana kinga.

Kuchanganya nako kuna makosa. Kila chanjo kavu huyeyushwa kwa maji yaliyokuja nayo na hutumiwa papo hapo, ndani ya nusu saa kwa nyingi. Bomba lililooshwa kwa dawa ya kuua vijidudu likatumiwa tena hubaki na masalia yanayoua chanjo hai. Spiriti iliyomwagwa kwenye mpira wa kichupa hufanya vivyo hivyo. Kila mbwa na bomba lake jipya. Na dozi haigawanywi. Chihuahua wa kilo mbili na Great Dane wa kilo sitini hupata kiasi kilekile, kwa kawaida mililita moja, kwa sababu mfumo wa kinga unahitaji kiwango fulani ili uamke, tofauti na dawa inayopimwa kwa uzito. Mbwa wadogo waliopewa nusu "kwa huruma" tunawahesabu kama hawajachanjwa.

Kwa hiyo kwenye kadi tunatazama pia kibandiko chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, saini, na namba ya usajili ya daktari kutoka Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Neno "vaccinated" lililoandikwa kwa kalamu bila kibandiko halitusaidii kitu.

Siku ya kuchoma, mbwa awe mzima. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, likipita 39.5, ahirisha. Mjamzito hapewi chanjo hai. Aliye kwenye dozi kubwa za steroidi angoje. Ukishachomewa, kaa pale kliniki dakika 20 hadi 30. Uso kuvimba, vipele kuota mwili mzima, kutapika au kulegea ghafla ni mzio wa hatari unaotibika daktari akiwa karibu, na huua mkiwa kwenye msongamano wa magari. Kulala sana, kula kidogo na uvimbe mdogo kwenye ngozi kwa siku moja au mbili ni kawaida. Usimlete kituoni ndani ya siku hizo mbili hata kama kadi yake ya zamani bado hai. Akichezewa kwa nguvu akiwa na maumivu anaweza kuuma, na sisi hatutaweza kutofautisha uchovu wa chanjo na mwanzo wa ugonjwa.

Kuna yale ambayo kadi haiwezi kuyazuia. Ehrlichia na Babesia, zinazoletwa na kupe na kuua mbwa wengi nchini, hazina chanjo hapa. Kinga yake ni kidonge cha kutafuna cha kila mwezi, au kile cha wiki 12, na tarehe yake iandikwe kwenye kadi kama chanjo. Dawa ya minyoo kwa mtoto ni kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi afike miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu.

Ukiwa na mbwa wawili na mmoja akapata parvo, yule mzima naye abaki nyumbani siku 14, chanjo zake ziwe kamili namna gani. Miguu yake na viatu vyako hubeba virusi. Aliyepona parvo arudi baada ya siku 14 tangu kinyesi kiwe kigumu, akiwa ameogeshwa. Aliyepona distempa ni suala la miezi na la daktari, kwa kuwa huweza kumwaga virusi kwa muda mrefu. Aliyekohoa arudi siku 14 baada ya kikohozi cha mwisho.

Kusafisha: dawa nyingi zenye harufu nzuri haziui parvo. Klorini ya kufulia huiua, kwa masharti. Ondoa kinyesi chote na uoshe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa uchafu huimaliza klorini nguvu. Soma chupa: yenye asilimia 5 hadi 6 ya hipokloriti ya sodiamu changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, yenye asilimia 3.5, kimoja kwa 20. Changanya upya kila siku, loweka sakafu dakika 10 ikiwa imelowa muda wote, kisha suuza. Kwenye nyasi na udongo haifanyi kazi. Ua la nyumba lililougulia mbwa wa parvo lisiletewe mtoto mwingine kwa mwaka mzima, isipokuwa awe tayari amemaliza sindano ya wiki ya 16 na siku zake 14.